Anatole Romaniuk, mtu aliyehesabu watu wa Congo



Katika somo la jiografia tunaandika kila mwaka kwenye kaye: nchi hii ina watu milioni hizi, nchi ile ina watu milioni zile. Tunakariri, tunatoa siku ya intero, basi, imekwisha. Ni wachache wenye kuuliza: nani aliwahesabu? Alipita siku gani nyumbani kwetu? Na kama hakupita, alijua namna gani?

Leo tunaleta habari ya mtu mmoja aliyefanya kazi hiyo katika nchi yetu, na aliyeendelea kuifikiri zaidi ya miaka 50. Jina lake ni Anatole Romaniuk. Katika vitabu vyetu vya masomo hakutajwa sana. Lakini kila mtu anayetaka kujua namna watu wa Congo walivyozaliwa na kufa zamani, lazima apite kwake. Someni polepole. Katika habari hii kuna hesabu, na kuna pia machozi ya wamama wengi.

1. ELIMU YA HESABU YA WATU

Elimu hii inaitwa demografia. Neno limetoka katika Kigriki: «demos» ni watu, «graphein» ni kuandika. Inachunguza mambo matatu makubwa: watu wanaozaliwa, watu wanaokufa, na watu wanaohama. Ukijua hayo matatu, unaweza kujua kama kijiji kinakua ao kinapungua, hata kama wewe mwenyewe hukai pale.

Tufanye hesabu ndogo. Mfano huu ni wa kutunga, kwa mazoezi tu. Kijiji kina watu 2.000. Katika mwaka mmoja wamezaliwa watoto 90, na wamekufa watu 40. Chukua 90, gawanya kwa 2.000, zidisha kwa 1.000. Utapata 45. Tunasema: kiasi cha kuzaliwa ni 45 kwa kila watu elfu moja. Fanya vilevile kwa wafu: utapata 20 kwa elfu. Toa 20 katika 45: inabaki 25. Maana yake kila watu elfu wanaongezeka 25 kwa mwaka, ndiyo 2,5 kwa mia. Kijiji kama hicho kinakuwa mara mbili kwa karibu miaka 28. Mtoto anayezaliwa leo, atakapofika miaka 28 atakuta watu mara mbili wanatafuta shamba katika udongo uleule na maji katika kisima kilekile.

Mnaona basi juu ya nini serikali, hospitali na shule zinahitaji hesabu hii. Wala siyo kazi ya wenye kukaa bure.

2. MTU MWENYEWE

Romaniuk alizaliwa nchi ya Ukraine, akasoma Ubelgiji katika chuo kikuu cha Louvain. Miaka ya 1950 alikuja kufanya kazi Congo, wakati ule ikiitwa Kongo ya Wabelgiji. Alikuwa mmoja wa wasimamizi wakuu wa uchunguzi mkubwa wa hesabu ya watu uliofanywa toka mwaka 1955 mpaka 1957, katika majimbo yote, na Kivu yetu ndani yake.

Nyuma ya uhuru alikwenda Amerika ya Kaskazini, akakaa Kanada. Huko alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya serikali ya statistike, akawa mkubwa wa idara ya hesabu ya watu. Mwaka 1984 ofisi hiyo ilichapisha kitabu chake juu ya uzazi wa watu wa Kanada, nchi ambako familia zilikuwa zimeacha kuzaa watoto wengi. Basi mtu mmoja alijifunza pande zote mbili: nchi inayozaa sana na nchi inayozaa kidogo. Lakini Congo hakuiacha. Tutaona mbele kidogo.

3. MFUKO WA NDAGALA

Pengine mtauliza: mbele ya mwaka 1955 Wabelgiji hawakuwa na hesabu? Walikuwa nayo. Kila mtu aliandikwa kwenye fishi kwa ofisi, na mwenye kutaka kuhama alipaswa kupewa ruhusa ya kartasi. Lakini mashaka yalikuwa mengi. Serikali ilitafuta zaidi wanaume wazima, juu ya kodi na juu ya kazi. Mtoto aliyezaliwa akafa mbele baba hajakwenda kumwandikisha, huyo hakuwa na fishi. Ni kama hakuja duniani.

Sasa, kuhesabu watu wote wa nchi pana kama hii, nyumba kwa nyumba, ni kazi nzito na feza nyingi. Ndiyo sababu walitumia njia nyingine: kuchagua sehemu ya watu na kuichunguza vizuri sana.

Mwenye kununua ndagala kule Kalundu anaifahamu njia hii bila kwenda chuo kikuu. Mama anayenunua mfuko mzima hahesabu samaki mmoja mmoja. Anaingiza mkono, anatoa kidogo cha juu, kidogo cha katikati, kidogo cha chini, anaangalia kama zimekauka, kama hakuna mchanga. Kisha anajua mfuko wote ni wa namna gani. Lakini akiangalia za juu tu, muuzaji mjanja atamdanganya, kwani za juu ndizo nzuri sikuzote. Vilevile kwa watu: ukichagua vijiji vya karibu na barabara tu, ao vile vilivyo karibu na maternite, utapata hesabu ya uwongo. Lazima kila kijiji, hata kile cha juu mlimani, kipate bahati sawa ya kuchaguliwa.

Hivyo ndivyo walivyofanya. Vijiji na mitaa ya miji vilichaguliwa, na makarani wakapita kwa nyumba na kuuliza. Waliochunguzwa walikuwa zaidi ya watu milioni moja, katika nchi iliyokuwa na karibu milioni 13. Katika Afrika ya siku zile, uchunguzi mkubwa namna hiyo ulikuwa kitu cha shida kuonekana.

4. NAMNA YA KUULIZA

Kuchagua vijiji ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuliza. Hapa ndipo wengi wanakwama.

Kwanza ni umri. Mzee hana kartasi ya kuzaliwa. Ukimwuliza miaka yake atasema «sitini» ao «sabini». Watu wanapenda hesabu zenye kuishia na sifuri ao tano. Ni vile duniani pote pasipo na vitabu vya kuzaliwa. Njia ya kusaidia ni kutumia matukio yanayojulikana na wote. Kwetu Uvira tungeuliza hivi: Baba, wakati wa uhuru, mwaka 1960, ulikuwa umekwisha kuoa? Mama, vita ya Mulele ya mwaka 1964 ilikukuta ukiwa mtoto wa mgongoni, ao ulikwisha kuchota maji? Mtoto wako wa kwanza alizaliwa mbele ya vita ya 1996 ao nyuma? Na huyu mdogo, alikuwapo wakati wa mafuriko ya Mulongwe ya mwezi wa nne 2020? Ukiweka matukio hayo kwa mstari, umri unajitokeza.

Na tusicheke wazee peke yao. Kati yetu wanafunzi wako wenye miaka mitatu ya kuzaliwa: mmoja kwa kartasi ya ubatizo, mwingine kwa fishi ya egzameni ya serikali, na wa tatu kwa timu ya mpira ya wadogo!

Pili ni watoto. Sikieni mazungumzo haya ya mfano. Karani anamwuliza mama:

— Mama, uko na watoto ngapi?

— Wane.

Karani anaandika wane, anakwenda. Kumbe hakufahamu kitu. Karani mwenye akili anauliza hivi:

— Mama, wanaokaa nawe hapa nyumbani ni wangapi?

— Watatu.

— Na wanaokaa kwingine?

— Mmoja, yuko Bukavu kwa mjomba wake.

— Kuna mwingine uliyemzaa, akalia, kisha akafariki, hata kama aliishi siku moja tu?

Hapa mama ananyamaza kidogo. Kisha anasema:

— Watatu, baba. Wawili kwa surua, mmoja hakupata hata jina.

Basi mama huyu amezaa saba, siyo wane. Ulizo la kwanza lilizika watoto watatu mara ya pili.

Mtu aliyeonyesha wataalamu namna ya kutumia majibu ya maulizo hayo ni William Brass wa Scotland. Toka 1948 mpaka 1955 alifanya kazi Nairobi, katika ofisi ya statistike ya Afrika Mashariki. Aliona kwamba kuandikisha vifo hakuendi vizuri, lakini wamama hawasahau watoto wao. Chukua wamama wenye miaka 20 mpaka 24. Jumlisha watoto wote waliowazaa, tazama ni wangapi wamekufa. Sehemu hiyo inakaribia sehemu ya watoto wanaokufa mbele ya kutimiza miaka miwili. Kwa wamama wa miaka 30 mpaka 34, inakaribia wale wanaokufa mbele ya miaka mitano. Kisha kuna hesabu ya kurekebisha kidogo, lakini shina ni hilo. Kwa maulizo mawili ao matatu ya upole, unajua mauti ya watoto wa nchi nzima.

Mwaka 1968 Brass, Romaniuk na wenzao watano walitoa pamoja kitabu kikubwa, «The Demography of Tropical Africa», kilichochapishwa na chuo kikuu cha Princeton, Marekani. Sehemu juu ya Congo iliandikwa na Romaniuk. Katika wenzao hao alikuwamo Mbelgiji, Étienne van de Walle, aliyekuwa amechunguza watu wa mji wa Usumbura na kuchapisha kazi yake mwaka 1961. Usumbura ni Bujumbura ya leo, mji ule ambao taa zake tunaziona usiku ng'ambo ya ziwa. Mnaona, elimu hii ilijengwa pia hapa karibu nasi.

5. FUMBO LA UELE NA TSHUAPA

Sasa tufike penye kazi kubwa ya Romaniuk.

Hesabu za 1955–1957 zilipotoka, zilionyesha karibu watoto 43 waliozaliwa kwa kila watu elfu katika nchi nzima. Lakini nchi haikuwa sawa pande zote. Kivu ilikuwa kati ya majimbo yenye kuzaa sana. Kule kaskazini, pande za Uele, na kule msituni, pande za Tshuapa, uzazi ulikuwa chini kabisa. Vijiji vingine vilikuwa na wazee wengi na watoto wachache. Juu ya nini?

Siku zile kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema ni desturi za watu. Wengine walisema ni ndoa ya wake wengi, ao wanawake wanatoa mimba. Wengine walisema watu wamechoka na mambo ya wazungu, wamekata tamaa, hawataki tena kuzaa. Na katika vijiji jibu lilikuwa moja tu, tunalijua hata leo: kosa ni la mwanamke. Amerogwa, ao amelaaniwa, ao alikuwa na mwenendo mbaya. Arudishwe kwao, mahari irudi.

Romaniuk hakuanza na maneno. Alianza na meza ya hesabu. Tutafahamu akili yake kwa mfano wa kutunga. Kijiji A kina wanawake 100 waliokwisha kupita umri wa kuzaa. Kila mmoja amezaa watoto 3. Jumla ni 300. Kijiji B kina wanawake 100 vilevile. Wanawake 50 wamezaa watoto 6 kila mmoja, na 50 wengine hawakuzaa hata mmoja. Jumla ni 300 pia. Ukiangalia jumla tu, vijiji hivi ni ndugu. Lakini havifanani hata kidogo! Katika kijiji A watu wote wanazaa kidogo; pengine ndiyo mapenzi yao, ao desturi yao. Katika kijiji B wanaoweza kuzaa wanazaa kama kawaida, na wengine wamefungwa kabisa. Pale kuna kitu kinafunga matumbo. Nani katika Afrika yetu angechagua mwenyewe kukosa hata mtoto mmoja?

Uele na Tshuapa zilifanana zaidi na kijiji B. Penye uzazi wa chini, ndipo palipokuwa na wanawake wengi wasio na mtoto hata mmoja, pamoja na wale waliozaa mara moja ao mbili kisha wakakoma. Romaniuk alipima sababu zote zilizosemwa, akaona zile za desturi na za moyo hazitoshi kueleza tofauti kubwa namna ile. Sababu kubwa ilikuwa ugonjwa: magonjwa ya zinaa, na zaidi ya yote kisonono. Ugonjwa huo usipotunzwa unaweza kuziba mirija ya uzazi ya mwanamke, mara nyingi bila yeye kusikia maumivu makubwa. Na mwanaume pia unaweza kumharibu uwezo wa kuzalisha. Magonjwa hayo yalikwenda pamoja na mwendo mkubwa wa watu wa nyakati zile: askari, watu wa kazi waliopelekwa mbali na bibi zao, safari na masoko mapya.

Aliandika mambo hayo mwaka 1961 katika kazi juu ya utasa wa wanawake wa Congo, kisha mwaka 1967 katika kitabu chake «La fécondité des populations congolaises», kilichochapishwa Paris.

Ndugu zangu, tusimame hapa kidogo. Kitabu cha hesabu kilichukua jambo lililokuwa likiitwa laana, na kikaonyesha ni ugonjwa. Laana haina dawa ya dispansere, ugonjwa unayo. Ikiwa ni ugonjwa, basi mwanamke hana hatia, na mume lazima naye aende kupimwa. Wako wamama waliofukuzwa na kuitwa majina mabaya, na hatia yao yote ilikuwa mikrobu ndogo isiyoonekana kwa macho. Pengine aliyeileta nyumbani ni yuleyule aliyewafukuza.

6. HESABU ILIYOSHANGAZA WATU

Nyuma ya vita kuu ya pili ya dunia, penisilini ilienea katika hospitali. Je, ikiwa Romaniuk alisema kweli, nini ilipaswa kutokea? Fikirini kabla ya kusoma mbele.

Uzazi ulipaswa kupanda. Na ulipanda. Miaka ya 1975 mpaka 1977 kulifanywa uchunguzi mpya katika upande wa magharibi wa nchi, iliyoitwa Zaïre wakati ule. Romaniuk alilinganisha hesabu hizo na zile za 1955–1957, akatoa matokeo mwaka 1980. Wanawake wasio na mtoto walikuwa wamepungua, na uzazi umeongezeka.

Lakini alikuta sababu nyingine pia, na hii iligusa desturi. Zamani mama alinyonyesha miaka miwili ao zaidi, na wakati ule baba na mama hawakukutana. Wazee walijua kwamba mtoto akifuatwa haraka atadhoofika. Mji na maisha mapya vilifupisha kunyonyesha, na ile desturi ya kungojana ikalegea. Basi mimba zikakaribiana. Wataalamu wengi walifikiri kwamba maendeleo yanapunguza uzazi mara moja. Romaniuk alionyesha kwamba mwanzoni maendeleo yanaweza kuongeza uzazi: yanaondoa ugonjwa uliofunga matumbo, na yanaondoa pia kizuizi ambacho wazee waliweka kwa akili. Wale wanaocheka desturi zote za zamani, na wale wanaozisifu zote, wanaweza kujifunza kitu hapa.

Mwaka 2011, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, alichapisha tena makala juu ya Congo. Alitazama hesabu za 1955–1957 pamoja na zile za uchunguzi wa mwaka 2007, uliokuta wastani wa watoto 6,3 kwa kila mwanamke katika nchi nzima. Alionyesha kwamba zaidi ya nusu ya karne imepita na uzazi wa Congo haujashuka, wakati nchi nyingi za dunia zimeshuka sana. Uchunguzi uliofuata, wa 2013–2014, ulikuta 6,6. Lakini Kinshasa mwaka 2007 ilikuwa na 3,7 tu. Wasichana waliosoma sana wanaolewa wakiwa wamekomaa, nao wanazaa watoto wachache kuliko wale ambao hawakusoma. Wadada wa kilasi zetu, hesabu hiyo inawatazama ninyi.

7. NA SISI WA UVIRA?

Sasa neno la kutuamsha. Mwaka 1970 serikali ilihesabu watu, ikapata milioni 21,6. Tarehe 1 mwezi wa saba 1984 ikafanywa hesabu ya nchi nzima kwa njia ya kisayansi. Ikapata karibu milioni 30. Toka siku ile nchi yetu haijahesabiwa tena nyumba kwa nyumba. Umoja wa Mataifa unakadiria sasa zaidi ya milioni 100. Lakini kukadiria siyo kuhesabu. Toka 1984 tumepita vita, tumekimbia ng'ambo, tumerudi, watu wa Hauts-Plateaux wameshuka, wa Tanganyika wamerudi. Hesabu ya zamani ukiizidisha tu kila mwaka, haiwezi kujua hayo yote.

Mtu atasema: kukosa hesabu kunatuletea hasara gani? Tutoe mfano. Kolera tunaijua sana hapa Uvira. Inarudi mwaka kwa mwaka. Mwaka 2020, nyuma ya mafuriko, chanjo ya kunywa ilitolewa katika mji kwa mara mbili. Chanjo inaletwa kwa hesabu ya watu. Tuseme, kwa mfano wa kutunga, mtaa mmoja umeandikwa watu 10.000, kumbe kweli wako 14.000. Wanaopokea chanjo ni 9.000. Kwenye raporo wataandika 90 kwa mia, na wakubwa watafurahi. Lakini fanya hesabu ya kweli: 9.000 kwa 14.000 ni 64 kwa mia tu. Watu 5.000 hawana kinga, nao wanakunywa maji ya ziwa lilelile. Ugonjwa utakaporudi, watu watasema chanjo ni ya uwongo. Kumbe chanjo haina kosa, kosa lilikuwa chini ya mstari wa kugawanya.

Vilevile kwa madawati, walimu, visima, na viti vya kuwakilishwa. Asiyehesabiwa hapewi.

Je, mwanafunzi anaweza kufanya nini? Hatuwezi kuhesabu nchi. Lakini jambo moja tunaweza. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inasema kila mtoto ana haki ya kuandikishwa kwa ofisi ya serikali katika siku 90 nyuma ya kuzaliwa. Wamama wengi wanatoka maternite na kile kikartasi cha hospitali, wanafikiri imekwisha. Haijaisha! Kikartasi kile kinasema mtoto amezaliwa. Lazima kipelekwe kwa ofisi ya mambo ya raia ili mtoto aandikwe katika kitabu cha serikali. Kaeni na dada zenu na majirani, muwaeleze. Hesabuni siku pamoja nao. Mtoto akiandikwa kwa wakati, karani wa kesho hatakuwa na haja ya kumwuliza juu ya mafuriko ya Mulongwe.

Na jambo la pili: jifunzeni hesabu kwa moyo. Wengi wetu tunaikimbia kwa kusema haina faida kwa maisha. Romaniuk alitumia kugawanya na kuzidisha, zile tulizozijua toka shule ya msingi. Aliongeza tu uvumilivu, na ulizo lililoulizwa vizuri.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA KILASI

1. Kijiji kina watu 3.500. Kwa mwaka mmoja wamezaliwa watoto 154 na wamekufa watu 63. Tafuta kiasi cha kuzaliwa na kiasi cha kufa kwa elfu. Kijiji kinaongezeka kwa ngapi kwa mia?

2. Karibu mwaka 1956 nchi yetu ilikuwa na karibu milioni 13. Mwaka 1984 karibu milioni 30. Ni miaka mingapi? Watu waliongezeka zaidi ya mara mbili ao chini yake? Linganisha na mfano wa sehemu ya 1.

3. Mtu anataka kujua wanafunzi wa Uvira wanatembea mwendo gani kufika shule. Anasimama kwa mlango wa shule moja ya katikati ya mji, anauliza wanafunzi mia moja wa kwanza kufika asubuhi. Taja makosa mawili ya njia hiyo.

4. Andika matukio matano yanayojulikana na wote kwenu, pamoja na miaka yake, yanayoweza kusaidia kutafuta umri wa mzee. Ulizia wazee wa nyumbani.

5. Juu ya nini jumla ya watoto 300 haikutosha kutofautisha kijiji A na kijiji B? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

Majibu ya maswali ya 1 na 2 mpeleke kwa mwalimu wenu wa hesabu. Ya 4 mpeleke kwa mwalimu wa historia, atafurahi kuyapata.